Baba Aliyeazima Makochi

Wapendwa, fungeni kidogo hizo Biblia, tutazifungua baadaye. Nina baba mmoja nataka mumwone. Msiniulize anakaa mtaa gani, na tafadhali msigeuke kumtazama mtu.

Baba huyu alikuwa fundi baiskeli. Binti yake, Subilaga, alifaulu kidato cha sita, akapata nafasi chuo kikuu kusomea uuguzi. Vigelegele mtaa mzima! Lakini chuo kina ada, na pale nyumbani ada haikuwepo, wala ndugu wa kumkimbilia hakuwepo. Kilichobaki ni mkopo wa serikali, ule wa wanafunzi wanaotoka kwenye kaya zisizojiweza. Binti akaomba, akaambatisha kila kilichotakiwa, akasubiri. Akiukosa, nafasi ya chuo imekwenda. Basi mwenyekiti wa mtaa akaja na taarifa: Alhamisi anakuja afisa kutoka wilayani, anataka kuiona kaya yenu kwa macho yake.

Mnadhani baba yetu alifanya nini?

Alikwenda kwa jirani, Mama Gwakisa, akaazima makochi, yale mazito yenye vitambaa vya kufuma. Akaazima zulia. Akaazima na televisheni, jamani, na nyumba yenyewe haina umeme! Akaiweka mezani hivyo hivyo imezimwa, ilimradi ionekane. Mkewe naye akachinja jogoo pekee waliyebaki naye.

Mnacheka. Chekeni, lakini kwenu akitangazwa mgeni mnafanyaje? Hamkimbilii vikombe kwa jirani?

Subilaga akamfuata baba yake uani.

"Baba, huyo afisa anakuja kuona kama kweli hatuna. Sasa makochi ya nini?"

"We mtoto! Mgeni wa serikali akalie ndoo? Hapa kwangu? Nisemwe mpaka sokoni?"

"Lakini kwenye fomu nimeandika hatujiwezi, baba."

"Ya fomu yabaki kwenye fomu. Mtu akija kwangu atapokelewa kama mtu."

Mimi nampenda baba huyu, sitawaficha. Hakuwa mwongo wala mtu wa majivuno. Alilelewa hivyo, kwamba mgeni haoneshwi shida zako. Na malezi hayo mazuri ndiyo yaliyokuwa yanamnyima mtoto wake chuo.

Alhamisi afisa akafika, dada mmoja mpole, begi begani. Akakaribishwa kwenye kochi.

"Shikamoo, baba. Habari za hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri sana! Hatuna neno. Tunakula, tunalala, Mungu ametubariki."

"Na shida za maisha je?"

"Shida? Aa, hizi za kawaida tu za binadamu. Chukua na paja hilo, mwanangu, usione haya."

Si ndivyo tunavyojibu sote? Mtu ametoka kuzika jana, ukimuuliza habari za kwake anakwambia nzuri.

Afisa akala, akashukuru. Akatazama zulia, akatazama televisheni, akaandika. Kisha akafunga begi lake na kusimama.

"Baba, nimefurahi. Ninyi mmejaliwa. Asubuhi nimepita nyumba ambayo hata pa kukaa sikupata. Hao ndio nitakaowapendekeza. Ninyi mtamudu tu, Mungu atawasaidia."

Baba alikuwa bado anatabasamu, maana aliona amesifiwa. Ndipo akamwona binti yake pale mlangoni na sinia mkononi, machozi yanamtiririka. Moyo ukampasuka. Aibu aliyoikimbia wiki nzima ilikuwa ya saa moja tu. Hii iliyosimama mlangoni ataishi nayo mpaka anaingia kaburini.

Afisa ameshavuka kizingiti.

"Mwanangu, rudi!" Baba akapaza sauti mpaka majirani wakachungulia. "Rudi, nimekudanganya! Hilo kochi ni la Mama Gwakisa. Zulia la Mama Gwakisa. Hiyo televisheni ya Mama Gwakisa, humu tunawasha kibatari! Njoo nikuoneshe tunapolala."

Akamwongoza hadi chumba cha nyuma, ambako bati limeoza na godoro linahamishwa kila mvua inaponyesha. Akasimama katikati, mtu mzima yule.

"Hapa ndipo kwangu. Sina kitu, mwanangu. Naomba mtoto wangu asome."

Afisa hakucheka, wala hakukasirika. Alikaa pale pale kwenye godoro, akatoa kalamu.

"Sasa ndio nimefika kwako, baba. Kule sebuleni nilikuwa kwa Mama Gwakisa."

Akafuta aliyoyaandika, akaanza upya. Na Subilaga alikwenda chuo.

Haya, tuje kwetu sisi. Sisi tuliopendeza hivi. Bwana anakuja kila Jumapili, anatuuliza habari za nyumbani, nasi tunamjibu nini? "Nzuri, Bwana, tunakushukuru kwa yote." Mke na mume wamekaa benchi moja, hawajasemeshana tangu Jumatatu. Kuna mama hapa mtoto wake ameharibikiwa na pombe, na ameimba pambio zote kwa sauti kuliko mimi. Tunaazima hata maneno ya kuombea, yale matamu tuliyoyasikia kwa mwingine, tunayapanga vizuri mbele za Mungu. Kisha tunarudi nyumbani tunalalamika kwamba hajibu! Ajibu nini, na wewe umemwambia huna neno?

Mimi nina hakika, wala sibahatishi: hakuna aliyemwonesha Mungu hali yake yenyewe akafukuzwa. Hakuna! Lakini lazima umwite arudi, na lazima utamke mwenyewe, kwa kinywa chako, hata kama sauti inakwama.

Basi tusimame. Leo sitaki kusikia "Bwana, unayajua mahitaji yetu." Anayajua. Anangoja wewe uyataje. Na wewe, mzee wangu wa benchi la nyuma unayetazama saa, leo ibada haitafungwa na mchungaji. Anza wewe.