Bi Mikono na Jirani Aliyeomba Mkono

"Toa mikono yako uwanjani kwangu!"

"Uwanja wako? Bahari umeinunua lini, Bwana Kaa?"

"Mwizi wa makombo!"

"Nenda zako, macho vijitini!"

Msishtuke, jamani. Sogeeni karibu na moto. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale maji yalikuwa na maneno?

Yamwage tuyasikie!

Hapo kale, chini kabisa baharini, chini ya jiwe, aliishi Bi Mikono. Ni ndugu yake kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, ila mwembamba: mwili kama kifungo cha shati, mikono mitano mirefu kama mikia ya mijusi. Macho hana. Mchana kutwa hujificha mvunguni mwa jiwe. Giza likiingia, mikono miwili hushika jiwe, mitatu huinuka majini na kungoja. Makombo yakidondoka kutoka juu, huyanasa. Vijiguu vya mkononi hupokezana tonge, kimoja kikipasia kingine, mpaka kinywani, katikati ya tumbo. Na taka? Jamani, hutokea kinywani humo humo! Hata mimi nilipoambiwa nilishika mdomo.

Kaa, jirani mliyemsikia akigombana naye, alilitaka jiwe liwe nyumba yake, na mwenye nyumba awe kitoweo chake. Siku moja akaja na sauti tamu.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu. Ila mlango wangu mwembamba."

"Nimekuja tuyamalize, jirani. Nipe mkono."

Jirani akiomba mkono, hanyimwi. Bi Mikono akautoa. Kaa akaukamata kwa gando. Akavuta, jiwe likatikisika. Akavuta, Bi Mikono akaburutika hadi mlangoni. Akavuta, kacha!

Mkono ukabaki kwa Kaa. Mwenyewe akabaki ndani.

"Umeukata!" Kaa alipiga kelele. "Umejikata mwenyewe!"

"Uliomba mkono," alijibu Bi Mikono. "Hukuniomba mimi."

Na ule mkono, wenzangu, haukufa! Ulijikunja, ukajikunjua, ukacheza ngoma pale gandoni. Kaa akaduwaa katikati ya uwanja, akiutazama. Changu, samaki ambaye kwake nyama ya kaa ndiyo nyama, naye akauona ukicheza. Akageuka kumwelekea Kaa.

Kaa akamwona. Mbio hadi jiweni!

"Hodi! Nifiche, Changu huyo!"

"Gando limejaa, halipiti. Achia mkono wangu, uingie."

"Siachii, nimeuvuta kwa jasho langu!"

"Achia, uingie."

"Siachii!"

"Achia, Bwana Kaa!"

"Sia..."

Kwap!

Lilibaki gando tu, limeubana mkono, na mkono bado unacheza. Bi Mikono akaikunja mikono yote minne mvunguni.

Basi funzo ni hili: kinachokukwamisha mlangoni kiachie, hata kama umekitolea jasho. Mkono wa Bi Mikono uliota tena, taratibu. Kaa hakuota. Hadithi yangu imefika ufukweni; asiyeamini akazamie mwenyewe, akirudi atusimulie.

Ngojeni, msiinuke bado. Kesho yake Changu, tumbo limemjaa, alikuja pale jiweni kwa adabu zote.

"Hodi, Bi Mikono! Msiba wa jirani umetugusa sote. Nimekuja kukupa mkono wa pole."

Sauti ikatoka mvunguni:

"Pole nimeipokea. Mkono baki nao."