Chupa Iliyoandikwa Zawadi

Mtu mmoja, jina lake Mdoe, alikuwa na shamba mahali ambapo zamani Wajerumani walijenga nyumba zao. Kila alipolima, jembe lilitoa chupa kuukuu, nzito, zenye herufi zilizoinuka juu ya kioo. Aliziosha, akazipaka unga wa mhogo ili herufi zionekane, kisha akazinakili kwa mkaa kwenye ukuta wa sebule. Shuleni alisoma Kiingereza kidogo, na hicho kidogo kilimtosha sana. Wageni walipouliza, aliwasomea ukuta mzima bila kusita, hata pale alipokuwa anabahatisha.

Siku moja alichimbua chupa ya buluu yenye pembe sita, imezibwa vizuri, na dawa yake ingali ndani. Ubavuni palikuwa na herufi kubwa: GIFT. Alifurahi mno. Neno hilo alilijua tangu utoto: zawadi. Chini yake palikuwa na maneno mengine, madogo na marefu, ambayo hakuyaelewa hata moja. Aliyanakili kwa uaminifu, halafu akayaruka.

Mdogo wake, Mbelwa, alikuwa anasumbuliwa na kikohozi tangu mvua zianze. Huyu ndiye aliyeimbisha watu katika kila arusi na kila msiba pale kijijini. Kusoma hakujua, ila alimwamini kabisa kaka yake. Mdoe akampelekea chupa, akamweleza kuwa ni dawa ya kale, ambayo Wajerumani wenyewe waliwaachia watakaokuja. Mbelwa akainusa, akasita.

“Imeandikwa, mdogo wangu,” Mdoe akasema. “Imeandikwa zawadi. Kunywa.”

Akanywa.

Hospitali ya misheni iliokoa uhai wake, lakini koo lilikwisha kuungua. Daktari mmoja alijua Kijerumani. Aliitazama chupa, akainamisha kichwa. Kwa lugha ya walioitengeneza, neno lile maana yake ni sumu, na yale maneno madogo yalimkataza mtu asionje hata tone.

Mbelwa yu hai hadi leo, anaitikia salamu kwa mkono. Mdoe sasa ameuliza na kuelewa kila neno la ukuta wake, na hakuna tena anayekuja kusomewa. Linaniuma jambo hili, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mdogo wake, na hakukusudia kumdanganya.

Nanyi mnaowasomea wenzenu Maandiko na kuwaambia wanywe, je, mnaijua kweli lugha yake, au mmekutana tu na neno moja mnalolifahamu?