Jidda ni Mji, Jidda ni Nyanya

“Nimekuambia Jidda ni nyanya, si—”

“Na mimi nakuambia Jidda ni mji! Soma kibao, Rael!”

“Kibao ni cha Kiarabu, nisome na macho ya nani?”

“Chini kuna Kizungu! J, e, d—”

“Hiyo ni Jeda! Jeda ndiko tunaenda. Jidda ni yule ny—”

“Ni kitu kimoja, mama! Waarabu wanaita Jidda, sisi tunaita Jeda! Muulize dereva!”

Dereva hakuhitaji kuulizwa. Asubuhi, kituoni Riyadh, alikuwa amesimama kando ya jemsi yake, lile gari refu la abiria, akiita “Jidda! Jidda!” mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na Rael akamhurumia akidhani mzee wa watu amepotelewa na nyanya yake kwenye umati. Sasa walikuwa katikati ya jangwa. Kibao cha kijani kilipita dirishani, na ukweli ukamwingia Rael kama maji baridi mgongoni. Akafunga mdomo. Emmaculate naye, kwa mara ya kwanza tangu watoroke, akafunga wake.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sakafu waliyoitaja ni ile ya juu ya nyumba. Unaweza kukimbia hapo kwa madaha, ukazunguka, ukajiona swara, lakini nyumba haiongezeki urefu kwa sababu wewe una mbio. Rael na Emmaculate waliijua sakafu ya aina hiyo vizuri sana, maana ndiko walikoanika nguo za watu kila siku mtaani Al-Naseem, Riyadh. Ukingo ndio walikuwa hawajauona.

Wote wawili walikuwa Wakenya, wafanyakazi wa nyumba moja. Emmaculate alipika. Rael alimtunza mama mzazi wa baba mwenye nyumba, kikongwe ambaye miguu ilikuwa imegoma lakini ulimi ulikuwa bado kazini. Wajukuu walimwita Jidda, yaani nyanya, na Rael akamwita hivyo hivyo. Usichana wake Jidda aliuishi kando ya bahari, alisema, mahali fulani; Rael hakuwahi kuuliza wapi. Mwanawe alimnunulia kiti cha magurudumu, Jidda akakikataa kama mtoto anavyokataa dawa. “Mimi si mgonjwa,” alisema, na tangu hapo hakutoka nje ya geti hata kusalimia jua. Kiti kikawa cha kuanikia mitandio. Rael, ambaye hangeweza kulala bila kumfanyia mtu mzaha, alikipa jina: farasi.

Jina hilo lilitoka kwenye sinema. Kila mchana runinga ilionyesha sinema za zamani za makauboi, na maandishi ya Kiarabu chini ambayo macho ya Jidda hayakuyaona tena. Rael naye alikulia kwenye kibanda cha video sokoni Mosoriot, ambako jamaa mmoja mwenye kipaza sauti alitafsiri sinema nzima kwa Kiswahili, akaitia chumvi na pilipili. Basi akawa anamtafsiria Jidda, nusu Kiswahili, nusu Kiarabu cha jikoni.

“Huyu mwenye kofia ndiye staring,” alimweleza siku ya kwanza. “Staring hafi. Akifa, hiyo sinema ni mbovu, tunazima.”

Jidda alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka. Kidogo kidogo naye akapata Kiswahili chake, Kiswahili cha kauboi: kamata, kimbia, leta farasi, staring hafi.

Siku ya mkasa walikuwa wanatazama wanaume wawili waliosakwa na serikali, marafiki wa kufa na kuzikana, wanatoroka juu ya farasi mmoja na daraja mbele yao limevunjika. Hapo hapo madam, mke wa baba mwenye nyumba, akaingia, akazima runinga, akasema mbio mbio, “Bukra safar Jidda. Yalla, inti, halas shanta.”

Madam alimaanisha: kesho tunasafiri Jeda, haya wewe, maliza kufunga begi. Rael alisikia: kesho Jidda anasafiri, haya wewe, kwisha, chukua begi. Kurudishwa kwao Nandi kabla ya mkataba kuisha! Na nyumba ya mama yake ilikuwa imefika kwenye linta tu, haina paa, mvua inaingia itakavyo.

“Natoroka,” alimwambia Emmaculate jikoni. “Naenda Jeda kwa binamu yako Lydia, anitafutie nyumba ingine.”

“Lydia si ameandikwa na dada ya madam?”

“Lakini Lydia ni damu. Hatasema.”

Emmaculate aliendelea kukata kitunguu. “Wewe hata njia ya dukani hujui. Utatoroka aje peke yako?”

“Basi nielekeze.”

“Nitakuelekeza tukiwa njiani.”

Hakuna aliyemfukuza Emmaculate. Hakuna hata aliyemsemesha. Alfajiri walitoka kutupa takataka kama kawaida, wamevaa abaya, wamebeba mifuko myeusi. Mingine ilikuwa takataka, mingine nguo zao. Rael hakumuaga Jidda. Alijua akimwona tu, atalia.

Jemsi iliwashusha Balad, mji mkongwe wa Jeda, jua likielekea kuzama. Walikaa chini ya nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe, wapagazi wakipita na mikokoteni, na Rael akafungua mfuko wake atafute mswaki. Akatoa ganda la tikiti maji. Akatoa mifupa ya samaki.

“Emma,” alisema polepole, “nguo zangu ziko kwenye pipa la Al-Naseem.”

Emmaculate alimtazama, akautazama mfuko, akaanza kucheka kicheko kibaya cha kukaribia kilio. Ndipo akapiga simu.

“Lydia, tuko Balad. Tumetoroka. Tufiche.”

“Niwafiche wapi?” sauti ya Lydia ilikuwa ya chinichini. “Bosi wenu amekaa hapa kwetu Al-Safa anakunywa gahwa! Wamekuja na ndege mchana, kesho ni harusi. Na tiketi zenu zilikatwa, wajinga nyinyi! Viti vyenu vimekuja vitupu!”

Rael alifumba macho. Kutwa nzima walikuwa wameungua jangwani ili wafike mahali ambapo wangeletwa bure, na juisi juu.

Akanyakua simu. “Baba amepiga hurubu?”

Hurubu ndiyo ripoti ya mfanyakazi aliyetoroka. Ikishapigwa, ikama yako, kibali cha kuishi, imekufa: unashikwa popote, unatiwa ndani, unarudishwa kwenu bila ruhusa ya kurudi tena.

“Alikuwa anapiga. Jidda amemnyang’anya simu, ameikalia.”

“Ameikalia?”

“Ameikalia! Nani atamwinua? Hataki kula, hataki maneno. Lakini baba amesema Isha ikiadhiniwa bila nyinyi, anaazima simu ya shemeji yake.”

Simu ikakatwa. Waliangaliana.

“Tukienda huko tunajipeleka wenyewe,” Emmaculate alisema. “Tukimbie.”

“Tukimbilie wapi, Emma? Mbele ni bahari.” Hapo ndipo Rael alipouona ukingo. “Hawakukufukuza wewe. Kwa nini ulinifuata?”

“Hata kwenye sinema yenu farasi ni mmoja. Ningekuachaje?”

“Asante, dadangu. Hata kama tutafungwa, asante.”

“Utanishukuru baadaye. Simamisha teksi, na hiyo mifupa ya samaki uitupe.”

Baba aliwafungulia geti mwenyewe, uso umekunjamana kama ngozi iliyosahauliwa juani. Sebuleni walikaa madam na dada yake. Rael alipita katikati yao wote, akapiga magoti mbele ya Jidda na kumbusu paji la uso kama wajukuu wafanyavyo.

“Nisamehe, Jidda. Asante, Jidda,” alisema, akayarudia kwa Kiarabu, akayarudia tena kwa machozi.

“Leysh?” baba aliuliza. Kwa nini?

Rael akaeleza, Lydia akitafsiri: Jidda nyanya, Jidda mji, halas ya begi, halas ya kazi. Alipofika kwa dereva aliyepotelewa na nyanya yake, madam aliuma ncha ya mtandio wake. Alipofika kwenye mifupa ya samaki, dada ya madam alitoka mbio kwenda kucheka ukumbini. Baba alijikaza, lakini masharubu yalimsaliti.

“Kwetu wanasema,” Rael alimaliza, “mbio za sakafuni huishia ukingoni.”

Lydia akaifafanua methali: sakafu, mbio, ukingo. Na ukingo wao, alisema, ungekuwa bahari.

Jidda alisikiliza akitikisa kichwa. Kisha akajiinamisha upande mmoja, akaitoa simu pale alipoikalia, ikiwa na joto kama mkate, akamkabidhi mwanawe. Baba aliitazama, akaitia mfukoni bila kuibonyeza. “Halas,” alisema. Yameisha.

Kwenye dirisha, adhana ya Isha ikaanza. Madam alikwenda kuleta supu, kwani sasa Jidda angekula. Rael alijiandaa kwa swali la lile daraja lililovunjika. Tayari alikuwa amewatungia wale marafiki wawili mwisho mzuri. Lakini Jidda hakuuliza supu, wala sinema. Alinyoosha kidole kwenye kona, kwenye kile kiti cha magurudumu kilichosafiri kutoka Riyadh kikiwa kimekunjwa, na baba akabaki kinywa wazi.

“Rael,” aliita kwa Kiswahili chake cha kauboi, “leta farasi. Twende bahari. Wewe, Emma, mimi. Mbio za sakafuni,” akalitafuta neno lililobaki, akalipata, “ziishie ukingoni.”