Pampu Iliyopotelea Songambele

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, maana simu za mkononi zilikuwepo na sola zilikuwepo, palikuwa na kijiji kilichoitwa Songambele, juu ya kilima cha mawe katika nchi ya Wasukuma. Kijiji kile kilikuwa na kisima kirefu, na ndani ya kisima palikuwa na pampu iliyovuta maji kwa nguvu ya jua. Jua likichomoza, maji yanatoka. Jua likizama, maji yanalala. Watu wakazoea hivyo, wakaisahau njia ya mtoni.

Siku moja jua likachomoza, maji yasitoke. Fundi akaja, akaivuta pampu juu, akaitazama, akatikisa kichwa. "Imeungua," akasema. "Hii haitengenezeki."

Basi watu wakarudi mtoni. Mto wenyewe ulikuwa umekauka, umebaki mchanga. Wanawake walichimba mashimo mchangani, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kikombe. Walipoondoka, ng'ombe wakaja wakanywa katika mashimo yaleyale. Haukupita muda watoto wakaanza kuharisha. Mmoja wao, mjukuu wa Bi Kwandu, akafariki.

Bi Kwandu alikuwa mjane, na mali yake ilikuwa ng'ombe mmoja mwenye mimba. Matanga yalipokwisha alisimama mbele ya watu, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Atakayefanya maji yatoke tena pale kisimani, ndama atakayezaliwa ni wake. Awe dume, awe jike, ni wake. Nimesema." Watu wakasikia. Neno la mtu aliyetoka kuzika halirudishwi.

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja aliyeitwa Holo. Holo akapanda kwenye jiwe ambako simu hushika mtandao, akawapigia watu wa kampuni iliyowaletea pampu. Akawaeleza. Wakakubali kwamba pampu ilikufa kabla ya wakati wake, na kwamba watatuma nyingine mpya.

"Tuitume wapi, mama?"

"Songambele, shuleni."

"Songambele, shuleni. Basi?"

"Basi. Kila mtu anapajua."

Hakutaja kata, hakutaja wilaya. Kwa Holo, duniani palikuwa na Songambele moja.

Wakangoja. Jua likachomoza, likazama, likachomoza, likazama. Holo akapanda tena kwenye jiwe, akapiga.

"Mzigo wenu umeshapokelewa, mama. Mwalimu Nkwabi ametia sahihi."

"Hapa hatuna mwalimu anayeitwa Nkwabi."

"Sisi tumeupeleka Songambele, shuleni, kama ulivyosema. Karatasi ya mzigo haisemi wilaya."

Aliposhuka na habari hiyo, watu hawakusema kitu mbele yake. Walisema nyuma yake: pampu imefika, Holo ameiuza. Hata dada yake wa tumbo moja akaanza kupita njia nyingine. Holo akajifunga khanga, akawaaga watoto wake, akaondoka.

Alikwenda mnadani, kwa kuwa mnada wa ng'ombe hukusanya watu wa kila upande. Akasimama mlangoni mwa zizi, na kila aliyepita alimuuliza: "Ndugu yangu, unaijua Songambele nyingine?" Mmoja akacheka. Mwingine akapita na ng'ombe wake. Mchuuzi mmoja mzee akasimama, akafikiri, akasema, "Iko moja upande wa ziwani, na iko moja ng'ambo ya mbuga. Majina ya vijiji, mama, ni kama majina ya mapacha. Kila ukoo una Kulwa wake."

Holo akaenda Songambele ya ziwani. Pampu haikuwepo. Miguu ikamvimba. Akageuka, akaenda Songambele ya ng'ambo ya mbuga.

Sasa sikilizeni habari ya Songambele hiyo. Na wao walikuwa na kisima. Kilichimbwa, kikafunikwa kwa bati, sola zikasimikwa, wakaambiwa pampu inakuja. Pampu haikuja. Wanawake wao walikwenda mbali kuchota maji, wakiondoka alfajiri na kurudi jua la utosi. Kwa hiyo lori liliposimama shuleni na kushusha boksi, mwalimu mkuu, ndiye Nkwabi, alitia sahihi kwa furaha. Wanawake wakapiga vigelegele. Lori lilipokwisha kuondoka, ndipo akasoma vizuri juu ya boksi: Holo, Kamati ya Maji, na namba ya simu. Kijijini kwake hapakuwa na Holo.

Nkwabi akawaambia wazee, "Mzigo huu si wetu."

Wazee wakamjibu, "Mwalimu, Songambele ni Songambele. Lori linaweza kukosea, lakini Mungu hakosei anwani."

Nkwabi akalichukua boksi, akaliweka chumbani kwake, pembeni mwa kitanda, akafunga mlango kwa kufuli. Tangu siku hiyo watu wakapunguza kumsalimia. Mke wake akawa anakwenda majini peke yake, maana wenzake hawakutaka kufuatana naye.

Holo akafika, vumbi hadi magotini. "Shikamoo, mwalimu. Mimi ndiye Holo."

"Marahaba, mama. Nilikuwa nakungoja, na nilikuwa naomba usije." Akamkaribisha kiti, akamwambia ukweli. "Namba yako ilikuwepo. Kila nikishika simu nikupigie, namwona mke wangu anaingia uani na ndoo nusu. Naiweka chini. Nilisema moyoni, mvua zikianza na mwenyewe hajatokea, tutaifunga kisimani kwetu."

"Sisi tumezika mtoto," Holo akasema.

Nkwabi akainuka. Akaenda chumbani, akafungua kufuli.

Usiku ule mvua za kwanza zikanyesha, na mbuga ikawa tope jeusi linalonata. Lori lolote lisingepita. Wakamwita Luhende, mwenye mkokoteni wa maksai, mkulima aliyeishi peke yake njiani, hakuwa wa Songambele hii wala ile. Luhende akasema, "Mama, mzigo wa kisima haukataliwi." Akafunga nira, Nkwabi akasaidia kupakia. Wanawake wa pale walikuja kutazama. Mmoja akamshika Holo mkono, akamwambia, "Nenda salama, dada. Maji yenu yakitoka, mtukumbuke."

Wakavuka mbuga kwa shida, wakafika mtoni, mto uleule uliokuwa mchanga. Sasa ulikuwa umejaa, unapita na matawi.

"Tungoje," Holo akasema.

"Tukingoja utazidi," Luhende akasema. "Angalia mawingu kule juu."

"Mimi nasema tungoje."

"Na mimi ndiye mwenye maksai."

Akaingia. Walipofika katikati, maksai wa kushoto akateleza, akaanguka, maji yakamvuta, na nira ikaanza kuuvuta mkokoteni umfuate. Luhende alikuwa na panga. Angeweza kuutupa mzigo, mkokoteni ukawa mwepesi, pengine yule maksai akasimama. Hakuutupa. Alikata kamba ya nira. Maksai akaenda na maji, kichwa kinaonekana, kisha hakionekani. Yule mmoja aliyebaki, na Luhende pembeni yake anavuta, na Holo nyuma anasukuma, wakautoa mkokoteni ng'ambo.

Luhende akaketi kwenye majani, akakaa hivyo mpaka nguo zikaanza kumkaukia mwilini. Alikuwa amemkuza maksai yule tangu ndama. Na jambo jingine lilikuja kujulikana baadaye: kesho yake asubuhi mto ulishuka, watu wakavuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Fundi akaja, akaifunga pampu. Jua likachomoza, maji yakatoka. Wanawake waliomsema Holo wakajaza ndoo zao bila kumtazama machoni. Na wiki ileile ng'ombe wa Bi Kwandu akazaa ndama jike, mwekundu, mwenye afya.

Bi Kwandu akawaita wote. Nkwabi akaja kwa miguu kutoka ng'ambo ya mbuga. Luhende akaja na fimbo yake, ingawa hakuwa tena na jozi ya maksai ya kuswaga. Holo akaja na dada yake. Bi Kwandu akamtoa ndama, kamba mkononi, akasema, "Niliahidi mmoja, nanyi mko watatu. Semeni."

Holo akasema: "Bila mimi, pampu hii isingejulikana iko wapi. Wengine walikaa wakisema, mimi nilitembea. Ndama huyu akifungwa uani kwangu, kila apitaye ataona kwamba sikuuza kitu."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Lakini nani aliyeipoteza? Angetaja wilaya, tusingetafuta." Holo akainamisha kichwa, kwa kuwa ni kweli.

Nkwabi akasema: "Bila mimi, pampu hii ingekuwa inavuta maji kwetu. Nililala nayo chumbani, nikapoteza majirani kwa ajili ya watu nisiowajua. Nikirudi mikono mitupu, wataniita mjinga mpaka nizeeke."

Mama wa yule mtoto aliyefariki alikuwepo. Akauliza kwa upole, "Mwalimu, ungepiga simu siku ile ya kwanza, je?"

Luhende hakuwa msemaji. Akasema: "Bila mimi, ingekuwa bado ng'ambo. Mlichopoteza ninyi kitarudi. Changu kimekwenda na maji, na maksai mmoja halimi. Ndama jike nitambadilisha kwa dume aliyeanza kukua, mwakani nilime."

"Lakini uliambiwa ungoje," dada yake Holo akasema.

"Niliambiwa," Luhende akajibu.

Watu wakaanza kubishana. Wengine walisema aliyepoteza akatafuta amefuta kosa lake, na wengine wakasema amelipa deni tu. Wapo waliosema uaminifu wa mtu mwenye kiu haulingani na wa mtu aliyeshiba maji, na wapo waliosema mwaminifu anayengoja kufuatwa ni nusu ya mwaminifu. Kuhusu Luhende, wazee wafugaji walisema aliyetoa uhai wa mnyama wake ametoa kuliko wote. Vijana wakasema hakuna aliyemtuma kuingia kwenye maji. Jua likasogea. Ndama akachoka, akajilaza miguuni pa Bi Kwandu.

Mwishowe Bi Kwandu akasema, "Ndama hakatwi vipande, na neno langu silivunji." Akatazama nyuso tatu zile, akakunja kamba mkononi, akakunjua.

Ninyi mlioketi hapa mnanisikiliza, mngekuwa ndio mmeishika kamba ile, mngempa nani? Aliyepoteza akatafuta, aliyetamani akarudisha, au aliyeharakisha akafiwa na mnyama wake? Je, nani alistahili?