Picha ya Bibi Harusi Chini ya Tanzia

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Leo nawaeleza habari za kompyuta. Naona mnatazamana. Mnajiuliza, huyu aliyeishia darasa la saba anajua nini kuhusu kompyuta? Najua. Wasomi wakilieleza jambo hili huchukua wiki nzima, na watu hutoka na kichwa kinauma. Mimi nitalimaliza kabla kwaya haijaanza kupiga miayo. Kichwa kitauma vilevile, lakini mtatoka na kitu.

Katika mji mdogo kama huu wetu aliishi fundi wa kurasa za mtandao. Ndiye aliyetengeneza ukurasa wa matangazo wa mji. Ukifiwa, tangazo lako liko humo. Ukioa, humo. Mbuzi wako akipotea, humo. Juu paliandikwa Harusi, chini yake Tanzia, na kila tangazo lilikuwa na maneno upande mmoja na picha upande wa pili.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo wengi hupotea. Kile kidude mnachokibonyeza kwenye simu ili mwone mtandao kinaitwa kivinjari. Kivinjari ni kama mjenzi. Ukurasa ni maagizo tu: maneno yakae hapa, picha ikae pale, upana uwe huu, pembeni pabaki nafasi ya kupumua. Mjenzi anasoma maagizo, anajenga. Na kwa kuwa wajenzi ni wengi, wakubwa wa kazi hiyo walikaa wakaandika kanuni, ili kila mjenzi ayasome maagizo kwa namna moja. Mnanifuata? Mzee wa kanisa pale nyuma hanifuati, lakini atafika.

Huyu fundi kanuni hakuzisoma. Alikuwa na kivinjari chake kimoja, kikongwe, kwenye kompyuta ya dukani. Anaweka picha, anatazama. Haijakaa vizuri, anaisukuma kidogo, anatazama tena. Ikikaa anasema, "Kwangu iko sawa," anafunga duka anakwenda kula. Na kweli kwake ilikuwa sawa. Miaka yote ilikuwa sawa.

Sasa kulikuwa na binti mmoja wa mji huo, kesho yake anaolewa. Asubuhi hiyo baba yake yuko uani, vijana wanafunga turubai, mara anaona wanawake wanaingia. Vitenge vimefungwa kiunoni, mikono iko kichwani, wanalia. Mmoja amebeba unga. Aliyewatangulia ni shangazi wa bwana harusi, ametoka mbali na vumbi la basi bado liko usoni.

"Alianza kuumwa lini?" shangazi akauliza.

"Nani?"

"Baba, usijikaze. Lia tu. Hapa hakuna mgeni."

Jamani, nyumba yenye msiba ina nini? Turubai, viti vya kukodi, masufuria makubwa, wanawake wanachambua mchele. Na nyumba yenye harusi ina nini? Nisaidieni. Turubai, viti vya kukodi, masufuria makubwa, wanawake wanachambua mchele. Yule shangazi angejuaje? Yule baba naye alianza kujiuliza kama kuna kitu hajaambiwa. Akageuka kutazama mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa woga.

Mlangoni akatokea binti, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine bado. "Shikamoo shangazi," akasema.

Wenye mbio walikimbia. Mwenye unga aliukumbatia. Shangazi alishika nguzo ya turubai, akamtazama binti kuanzia miguuni, maana huko ndiko mtu hutazama kwanza akitaka kujua kama aliye mbele yake ni mzima. Halafu akatoa simu. Paliandikwa Tanzia, na chini ya neno hilo, picha ya binti anacheka.

Kilichotokea ni kwamba vivinjari kwenye simu za watu vilikuwa vimejibadilisha, kama simu zenu zinavyofanya bila kuwaomba ruhusa. Lakini shangazi hakulijua hilo, na hata angelijua lisingemtuliza.

"Kwetu," akamwambia baba, "mtu aliyetangazwa amekufa haendi kufungishwa ndoa kesho yake. Ni mkosi. Wazee wetu wakiuona ukurasa huu, gari la bwana harusi halitoki kule. Usafisheni kwanza. Na usafishike kwenye simu zao, si kwenye maneno yenu."

Baba akavaa ndala moja yake na moja ya mkewe, akaenda dukani kwa fundi, shangazi nyuma yake, binti nyuma ya shangazi na kitenge kichwani.

"Nani amemuua mwanangu?" baba akauliza.

"Mzee, mimi sijagusa kitu," fundi akasema. "Tazama."

Akafungua kompyuta yake. Binti yuko juu, kwenye Harusi, anacheka vizuri kabisa. Baba akaweka simu yake kando ya kompyuta. Huku yuko chini ya Tanzia. Ukurasa ni huohuo, maagizo ni yaleyale, hakuna aliyefuta herufi hata moja. Kwenye kompyuta anaolewa, kwenye simu amekufa, na mwenyewe amesimama pale anajipepea. Wewe ungeamini kipi? Fundi akatazama huku, akatazama kule, akamtazama na binti. Akajifuta jasho.

"Vivinjari vimebadilika," akasema. "Vimeniharibia kazi."

"Basi viambie virudi vilivyokuwa," baba akasema, kama mtu anayezungumzia mbuzi.

Na mjue, njia ya namna hiyo ipo. Kuna maneno unaandika juu ya ukurasa, ya kukibembeleza kivinjari kipya kijifanye cha zamani. Fundi akayaandika. Baba akafungua simu yake: binti amepanda juu kwa Harusi. Baba akashusha pumzi. Shangazi akafungua ya kwake, ambayo ni ya aina nyingine, akaisogeza karibu na macho. Kwake binti alikuwa amepanda kweli, lakini marehemu wa kwenye Tanzia, mzee mmoja wa koti zito na meno mawili, alikuwa amemfuata. Wamekaa pamoja chini ya Harusi.

"Na huyu ndiye anayemuoa?" shangazi akauliza.

Baba akakaa sakafuni. Fundi akaanza kusukuma picha, hii kushoto kidogo, ile kulia kidogo, na kila akiisukuma simu moja inapona, nyingine inaugua. Hakuna aliyeelewa tena yuko upande gani wa msiba.

Ndipo binti akauliza. "Fundi, mimi haya siyajui. Niambie tu, maneno uliyapa upana gani?"

"Nusu ya ukurasa."

"Na picha yangu?"

"Nusu iliyobaki. Nikaongeza na nafasi ya kupumua pembeni."

"Nusu na nusu si zimeshajaa? Hiyo ya kupumua uliitoa wapi?"

Fundi akazitafuta zile kanuni, akazisoma kwa mara ya kwanza maishani mwake, midomo ikicheza kama mtoto wa chekechea. Akasoma tena. Kisha akasema taratibu, "Kanuni inasema nafasi ya kupumua inaongezwa juu ya upana, haimo ndani yake. Kisichoenea kwenye mstari wake kinashuka mstari wa chini. Kile kivinjari changu kilikuwa kinaimeza nafasi ile ndani ya picha. Kilikuwa kinaibana kimyakimya ili ienee."

"Kwa hiyo sikuwahi kuenea pale."

"Hukuwahi."

"Na hivi vipya havijaharibu kitu."

"Hapana," fundi akasema. "Hivi vimesoma nilichoandika."

Akafuta yale maneno ya kubembeleza. Akaondoa misukumo yake yote, akapima upya kama kanuni inavyotaka, picha ikapewa nafasi ndogo lakini ya kweli. Shangazi akatazama simu yake. Akatazama ya baba. Akawapigia wazee wake, akawaambia wafungue mmoja mmoja, kila mtu kwenye simu yake, na kila mmoja aseme anaona nini. Alisikiliza muda mrefu. Alipokata simu alikifungua kitenge kiunoni, akakitupia begani.

"Gari litakuja," akasema. "Na ule unga haurudi kwetu. Nionyesheni jiko."

Sasa sisi, ndugu zangu. Mnacheka, lakini fundi mmeketi naye, na wengine ndio nyinyi. Kila mmoja wetu ana kivinjari chake kikongwe. Kuna kijana hapa ana mama anayesema "mwanangu ni mchangamfu tu", na mji mzima unajua ni ulevi. Kuna baba hapa mkewe amembana kimyakimya miaka na miaka, anapunguza huku, anameza kule, ili mumewe aenee kwenye jina la mume mwema. Unajitazama kwa jicho la huyo anayekufichia, unaona uko sawa, unafunga duka unakwenda kula. Halafu siku moja anakuja bosi mpya, au jirani mpya, au mtoto wako mwenyewe anakua na kupata akili, anasoma kilichoandikwa. Na wewe unapiga kelele kwamba dunia imeharibika. Dunia imefanya nini? Mungu amekuonea wapi? Umesomwa tu, mpenzi, kama ulivyoandikwa.

Msiende kubembeleza kila jicho lijifanye la zamani. Macho ni mengi, mtasukumana na picha mpaka mwozeshwe kwa marehemu. Pimeni upya.

Na ukifika nyumbani leo, usimuulize mama yako kama wewe ni mtu mwema. Muulize mkweo, kisha unyamaze mpaka amalize. Tuombe.