Rangi ya Samaki Jiwe

"Rangi ya samaki jiwe i chini ya pezi."

Ndivyo alivyosema Bi Mkasi, akipara samaki uani mwa nyumba ya msiba, alipowasikia vijana wakinong'onezana kwamba mzee aliyefiwa na mkewe hakutoa hata chozi moja makaburini. Vijana wakamwuliza neno hilo limetoka wapi. Bi Mkasi hakuweka kisu chini. Aliwaambia wasogee, maana methali hii ilizaliwa papo hapo kisiwani, na ilianza hivi.

Katika kijiji cha Kiwambale, upande unaotazama mwamba, aliishi mtega dema mmoja, mtu wa kuvua kwa mitego ya fito, jina lake Vuai Ngwali. Mkewe aliitwa Mize, naye kila bamvua, siku zile bahari inapokupwa mbali, alishuka mwambani na kijiti chake kutafuta pweza. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, wa kike, wakamwita Bishara.

Vuai hakuwa mtu wa maneno. Aliweza kukaa kutwa nzima asiseme zaidi ya salamu na bismillahi. Kitu kimoja tu kilimfungua kinywa, nacho ni samaki, na hapo pia alimfungulia mtu mmoja, binti yake. Tangu Bishara ana miaka saba alikuwa akimfuata babake kwenye maji ya magotini, na Mize, akiwa mbali na pakacha lake, alizisikia sauti zao zikija na upepo. Mume wake alikuwa akizungumza! Alikuwa akimweleza mtoto kwamba samaki nao wana nasaba kama watu. Yule mwenye mapezi marefu yaliyotanda kama manyoya ya jogoo, na yule mwekundu anayejificha mapangoni, na samaki jiwe, wote ni ukoo mmoja. Ukitaka kuwajua, papasa shavu, utakuta mfupa unaopita chini ya jicho kama ngao. Na wote wamebeba sumu kwenye miiba ya mgongo.

Akamfundisha pia kwamba hao wanaoitwa samaki jiwe si mmoja, ni wawili. Wa kwanza hana magamba, ngozi yake ni vinundu vitupu, macho yake yanatazama mbinguni, na hujifukia mchangani hata abaki uso tu. Huyo akikuchoma, waite jamaa zako. Wa pili ana kibyongo na magamba, macho yake yako kando, na hupenda kulala juu ya vipande vya matumbawe yaliyokufa, kwenye mwani, akafanana navyo hata mvuvi wa miaka arobaini asimwone. Haogelei ovyo. Hukaa pale pale kutwa akingoja kisamaki kipite mbele ya kinywa. Huyu naye huchoma, na maumivu yake si ya kusimuliwa, lakini haui. Ukitaka kumtambua mchokoze kwa kijiti, atafunua pezi lake la ubavuni, na chini yake utaona rangi.

Bishara aliyageuza mafunzo hayo kuwa wimbo wa kutwangia. "Wa macho juu hana rangi, wa macho kando anayo." Mize alikuwa akimcheka, akimwambia mtoto wa kike aimbe mambo ya watu, si ya samaki.

Bishara alipotimiza umri akaposwa na Makame, kijana wa hapo hapo aliyekuwa amepata kazi ya reli Tabora. Siku ya harusi Vuai alimpa binti yake mkono, akamwambia, "Nenda na Mungu," akachukua dema lake akaenda zake pwani. Watu wakatazamana. Mize akaona haya.

Basi nyumba ikabaki na watu wawili, na mmoja wao haneni. Hata samaki Vuai akaacha kuwasema. Na lililomchoma Mize zaidi ya yote ni jina. Miaka yote mumewe alikuwa akimwita Mama Bishara. Tangu mtoto aondoke alimwita Mize, kavu, kama mtu wa kando. Mize alijiambia moyoni kwamba mwanamume huyu amemfuta mtoto wake kama anayefuta tope mguuni.

Barua zilikuja kutoka Tabora, na mwalimu wa chuo cha Kurani ndiye aliyewasomea. Bishara aliandika kuhusu jua la kule, na samaki wa bahari wanaofika wamekauka kama kuni, na kila barua aliimaliza kwa kuuliza, baba hajambo? Baba anasemaje? Vuai alisikiliza akiwa ameinamia fito za dema, mwalimu akimaliza akatoka nje. Mwaka wa kwanza Mize alimwomba mwalimu aandike, baba yako anakusalimu sana. Ilikuwa salamu yake ya kutunga. Mwaka wa pili akachoka kumsemea mtu asiyesema, akaacha. Na barua za Bishara zikaanza kuwa fupi. Mwaka wa tatu hazikuuliza tena habari za baba, kisha zikakatika kabisa.

Kumtamani mtoto kulimkondesha Mize. Akipika, mkono ulipima mchele wa watu watatu. Akienda mwambani, kila aliposikia sauti ya mtoto wa mtu aliinua kichwa.

Asubuhi moja ya bamvua kubwa, mawimbi ya usiku yalikuwa yamelisukuma dema la Vuai mbali, karibu na ukingo wa mwamba. Mume na mke wakashuka pamoja kulitafuta, yeye mbele, mkewe nyuma. Vuai alikanyaga rundo la matumbawe yaliyovunjika, na hapo hapo akakaa majini kama mtu aliyekatwa miguu. Miiba miwili ilikuwa imepenya ndala ya tairi hadi kwenye unyayo.

Mize aliuinua mguu. Aliona matundu mawili, na ngozi pembezoni ikianza kugeuka samawati. Vuai alikuwa akitetemeka, jasho likimtiririka, meno yameumana. Na pale alipokanyaga, jiwe moja lilisogea.

Mize aliujua mwaka ambao jirani yao mmoja alichomwa mwambani akafa kabla hajafikishwa barabarani. Aliujua pia ule wimbo wa Bishara aliokuwa akiucheka. Akajilazimisha kutulia, akashika kijiti chake cha pweza, akamsukuma yule samaki taratibu ubavuni. Alikuwa na kibyongo, amevaa mwani na uchafu wa bahari, mbaya wa sura kama kitu kilichotupwa. Macho yako kando. Akamchokoza tena. Samaki akalifunua pezi lake, na chini yake pakawaka rangi ya chungwa na manjano, na madoa meusi kama wanja. Mize hakupata kuona rangi kama zile juu ya kiumbe cha sura ile.

"Si yule muuaji," akamwambia mumewe. "Huyu ana rangi. Hutakufa, Baba Bishara."

Hilo jina lilikuwa halijatamkwa baina yao kwa miaka mitatu. Vuai alimshika mkono, na kile kinywa kilichokuwa kimefungwa kikafunguka.

"Bishara," akasema. "Mwanangu Bishara yuko wapi? Mwite aje. Nyumba imekuwa kubwa mno, Mama Bishara. Imekuwa kubwa mno."

Akalia kama mtoto, katikati ya maji, na Mize hakujua kama ni sumu inayomliza au ni ile miaka.

Wanawake waliokuwa mwambani wakasaidia kumbeba. Nyumbani Mize alimtia mguu kwenye beseni la maji moto, moto wa kadiri mkono unavyoweza kuvumilia, yakipoa akayabadilisha, akafanya hivyo hadi adhuhuri. Maumivu yakaanza kulegea, na kadiri yalivyolegea, Vuai alirudi kuwa Vuai. Mize akaona akichelewa mlango utafungwa tena, akamwuliza kwa upole kwa nini miaka yote ile hakumtaja mtoto.

Vuai aliusukuma mguu ndani zaidi ya maji.

"Ningemtaja ningekwenda kumrudisha," akasema. "Na mtoto kaolewa."

Jioni ile ile Mize alikwenda kwa mwalimu, na barua aliyoandikisha haikuwa na salamu ya kutunga hata moja. Alieleza mambo kama yalivyokuwa: samaki, mguu, rangi, na maneno aliyosema Vuai katikati ya maji, neno kwa neno. Mwalimu aliandika, mara mbili akasimama kufuta miwani yake.

Siku arobaini zikapita bila jibu. Siku ya arobaini na moja Bishara alisimama mlangoni, amekonda, vumbi la safari limemtanda hadi kwenye kope. Alimwamkia babake. Vuai akaitikia marahaba, akasimama, akaupokea mkoba, akamwuliza, "Umekula?" Basi, hilo tu. Lakini Mize aliona kwamba hakuuweka chini ule mkoba hadi mtoto alipomaliza kula.

Bishara alikaa siku ishirini. Kila maji yalipokupwa alishuka mwambani na babake, na Mize alizisikia tena sauti mbili zikija na upepo. Hakusogea karibu kusikiliza wanasema nini. Alitosheka na kujua kwamba wanasema.

Siku ya kuondoka, wanawake wa mtaani walimsindikiza Bishara hadi barabarani. Vuai hakuja. Alikuwa amekwenda kutega dema alfajiri, kabla mtu hajaamka. Jirani mmoja, Bi Sharifu, akatikisa kichwa akasema kwamba yule mtu moyo wake ni jiwe, hata kumuaga mwanawe hajui.

Bishara alimtazama, macho yamejaa.

"Bi Sharifu," akamwambia, "rangi ya samaki jiwe i chini ya pezi."

Akapanda gari, wala hakugeuka, kwa kuwa alijua akigeuka hataondoka. Wanawake wakalichukua neno lile wakarudi nalo mtaani, likapita nyumba hadi nyumba, likavuka kijiji hadi kijiji. Na mpaka leo, mtu akikaa mkavu mbele za watu, asiye na chozi wala kauli, nao wakaanza kumhesabia kwamba hapendi wala hatamani, atatokea mmoja anayeujua ukoo wa samaki, awaambie wasimtazame mgongo. Rangi ya samaki jiwe i chini ya pezi.