Bi Kazija na Samadi ya Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Sultani Ghalibu, mwenye farasi wengi kuliko akili. Farasi hula, na kinachoingia mbele hutokea nyuma. Nyinyi ni watu wazima, sina haja ya kueleza zaidi. Zizi likafurika. Harufu ikapanda ghorofani, ikapita mlangoni bila hodi, ikalala na Sultani kitanda kimoja.

Badala ya kupunguza farasi, Sultani akatoa amri. Kila mkulima aje achukue samadi ya zizi la Sultani, aibebe mwenyewe kichwani, na akivuna amletee Sultani nusu ya mavuno kwa shukrani. Atakayekutwa na kitu cha Sultani bila kukilipia atanyang'anywa shamba.

Watu wakabeba. Wangefanyaje? Wakaimwaga mbichi, ikaunguza miche, na nusu ya kilichopona ikaenda zake kasrini.

Bi Kazija hakubeba. Huyu alikuwa mjane mwenye kishamba kimoja na kibanda ukingoni mwa mji, basi, hana kingine duniani isipokuwa ulimi, na ulimi wenyewe majirani walisema ungepasua kuni. Alikwenda pale alipozoea kupanda kunde, akachota udongo wa penye mizizi, akaukoroga na uji mwepesi, akazigaragaza humo mbegu zake za kunde, akapanda upande wa pili wa shamba. Kunde zilipovunwa, akapanda mtama palepale. Mtama gani huo! Wa majirani ulimfika mtu kifuani. Wa Bi Kazija ulimmeza mtu na kofia yake.

Waziri Shekuwe akapita, akauona, akakimbia kusema. Bi Kazija akaletwa barazani, mbele ya mji mzima, na kikapu cha udongo wa shamba lake mkononi, juu yake mche mbichi wa kunde.

"Ewe mwanamke!" Sultani akanguruma. "Umeniibia samadi!"

"Maulana, zizi lako lina askari usiku na mchana. Kama mtu anaweza kuwapita na kikapu cha mavi, mimi ningekuwa wewe ningekwenda kutazama hazina."

Watu wakakohoa. Ndivyo wanavyocheka mbele ya sultani.

"Mtama haunenepi bure! Nani amelilisha shamba lako?"

"Nina wafanyakazi, Maulana."

"Wewe? Wako wapi?"

"Wamo humu." Akasukuma kikapu mbele.

Sultani akainama, akachungulia, akakodoa macho. "Simwoni mtu!"

"Nao hawakuoni, Maulana. Ndiyo maana hawatetemeki."

"Uongo! Hii ni samadi yangu uliyoichanganya na mchanga!"

"Basi Waziri anuse."

Waziri Shekuwe akapiga magoti, akatia pua kikapuni. Akanusa. Akanusa tena, maana ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule pua yake kupata raha. "Inanukia mvua ya kwanza, Maulana."

"Na ile ya zizini, Waziri, inanukia nini?" akauliza Bi Kazija.

Waziri akamtazama Sultani kwanza. "Ile ina... ina harufu ya kifalme."

Wakakohoa tena, safari hii mpaka machozi.

Bi Kazija akainua mche wa kunde, akaonyesha vinundu vilivyoshikamana na mizizi. Akakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama ufizi wa mtoto. "Hizi ndizo nyumba zao, Maulana. Ni vijidudu, jicho haliwapati. Kunde huwapa utamu wake kidogo, nao huilisha. Mabaki yakiozea udongoni, mtama nao unakula. Hawataki mshahara wala kubebewa kitu kichwani."

Sultani akakunja uso. "Na hicho chakula wanakitoa wapi?"

Hapo Bi Kazija aliuona mtego, na kile kishamba ndicho kilichokuwa kikimweka hai. Lakini akasema kweli.

"Hewani, Maulana. Nikipalilia, udongo ukapumua, vinundu huwa vyekundu. Udongo ukishindiliwa, vijidudu hufa."

Sultani akatabasamu, akajiegemeza kitini kama aliyekwisha kula. "Hewani! Na hewa ya nchi hii ni ya nani?"

"Yako, Maulana!" akadakia Waziri.

"Basi umeniibia hewa. Shamba ni langu!"

Bi Kazija akajikuna kichwa.

"Niwie radhi, Maulana, mimi ni mzito wa kuelewa. Hewa ni yako hata ikiwa shambani kwangu?"

"Popote ilipo!"

"Hata ikiondoka ikatembea?"

"Ikitembea, ikikimbia, ikipiga mbinja! Upepo wote wa nchi hii ni wangu, kila mahali unapopita. Anayebisha na asimame!"

Hakusimama mtu.

Bi Kazija akawageukia watu. "Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!"

Akainama kwa adabu, mkono kifuani.

"Afadhali, Maulana. Maana huo upepo wako ulikuja mwezi uliopita ukaling'oa paa langu, na la jirani yangu, na la nusu ya hawa uwaonao hapa. Tulinyamaza kwa kuwa hatukumjua mwenyewe. Sasa tumemjua. Utakuja kutuezekea lini?"